Asiyekuwepo Ana Haki Yake: Mwongozo wa Kujikinga na Usengenyaji na Fitina

Katika Hija yake ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwatangazia watu kwamba damu zao, mali zao na heshima zao ni haramu baina yao, kwa utukufu ule ule wa siku ile, mwezi ule na mji ule wa Makka. Aliyataja matatu kwa pamoja. Sisi tumeyatenganisha. Damu tunaiogopa, mali ya mtu tunaionea haya, lakini heshima yake tunaichukua barazani mchana kweupe, na adhana ikilia tunanyanyuka kwenda kuswali kana kwamba hatujagusa kitu cha mtu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuacha. Unahusu baraza, jiko la shughuli, saluni, kijiwe, ofisi na makundi ya WhatsApp, maana huko ndiko maneno yanakopikwa. Utakuta hatua za kufuata kabla hujasema, unapoletewa maneno, na baada ya kuwa umeshasema. Nakuomba usiruke sehemu inayoeleza pale dini inaporuhusu kusema. Wapo watu wanaodhulumiwa majumbani na kunyamazishwa kwa hoja kwamba wakilalamika watakuwa wanasengenya, na hoja hiyo ni batili.

Kwa nini jambo hili ni zito

Ukikosa kufunga au ukaacha swala, deni lako liko kwa Mola wako, naye ni Mwingi wa kusamehe. Ukimsengenya mtu, deni limeingia mikononi mwa mja mwenzako. Abu Huraira (r.a.) amepokea hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba kama wanamjua aliyefilisika. Wakasema ni asiye na pesa wala mali. Akawaeleza kuwa aliyefilisika katika umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya mwingine, akampiga mwingine. Watalipwa kutoka katika mema yake. Mema yakimalizika kabla madeni hayajaisha, atabebeshwa madhambi yao. Mtu huyo alikuwa anaswali. Hilo ndilo linalonitisha kila ninapoisoma hadithi hii.

Kuhusu fitina, Ibn Abbas (r.a.) anasimulia, na hadithi imo kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume alipita penye makaburi mawili akasema waliomo wanaadhibiwa. Mmoja alikuwa hajikingi na mkojo wake. Wa pili alikuwa akizunguka baina ya watu na fitina. Akachukua kuti bichi la mtende, akalipasua vipande viwili, akachomeka kimoja kwenye kila kaburi, akitaraji wapunguziwe. Katika hadithi nyingine, ya Hudhaifa, anasema wazi kuwa mfitini hataingia Peponi.

Sasa angalia mpangilio wa aya ya 12 ya Suratul Hujurat. Inaanza kwa kukataza kudhaniana vibaya, halafu kupelelezana, halafu kusengenyana. Huo ndio mwendo wenyewe wa mambo. Kwanza unashuku: mbona jirani karudi usiku? Kisha unachungulia, unauliza watoto wake, unapekua picha zake. Mwisho unakuwa na la kusema. Anayetaka kuzuia ulimi akisubiri hadi maneno yafike mdomoni amechelewa. Kazi ianze kwenye dhana. Na aya hiyo hiyo inamfananisha anayesengenya na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Maiti hawezi kujitetea, wala asiyekuwepo hawezi.

Jua unachokifanya

> SANDUKU LA 1: MAKOSA MANNE YASIYOFANANA
>
> Usengenyaji (ghiba): kumtaja mwenzako kwa jambo analolichukia, naye hayupo, na jambo lenyewe ni kweli.
>
> Uzushi (buhtani): jambo hilo hilo, lakini si kweli.
>
> Fitina (namima): kuyachukua maneno ya huyu na kumpelekea yule, yakawagombanisha. Hata ukiyanukuu bila kuongeza wala kupunguza, ni fitina.
>
> Kumsingizia mtu zinaa (kadhfu): hili lina hukumu yake peke yake. Aya ya 4 ya Suratun Nur inataka mashahidi wanne. Asiyewaleta adhabu yake ni mijeledi 80 na ushahidi wake haukubaliwi.

Utetezi unaosikika kuliko wote ni "lakini ni kweli". Utetezi huo ulijibiwa na Mtume mwenyewe. Alipoulizwa itakuwaje kama analosema mtu lipo kweli kwa mwenzake, alijibu kuwa likiwepo ndiyo umemsengenya, na lisipokuwepo umemzulia. Ukweli wa habari hauifanyi halali. Unabadilisha jina la dhambi tu.

Wengine hujitetea kwa kusema, "Hata mbele yake naweza kusema." Kama unaweza, nenda ukaseme mbele yake, na kwa adabu, maana ukimtweza hadharani utakuwa umetoka katika usengenyaji ukaingia katika kejeli, ambayo aya ya 11 ya sura hiyo hiyo imeikataza.

Wapo pia wasiotaja jina. "Sitaji mtu, lakini kuna mama hapa mtaani, nyumba yake inatazamana na msikiti..." Kila aliyekaa hapo ameshamjua. Kutotaja jina kunafaa pale tu wasikilizaji wanaposhindwa kabisa kumtambua.

Usengenyaji hauhitaji hata sauti. Bibi Aisha (r.a.) aliwahi kumdokezea Mtume kuhusu ufupi wa mke mwenza wake, Bibi Safiyya. Mtume alimwambia kuwa amesema neno ambalo lingechanganywa na maji ya bahari lingeyabadilisha. Neno moja kuhusu kimo cha mtu! Basi kuigiza mwendo wa fulani, kubinua mdomo jina lake linapotajwa, kukonyezana, kuweka kikaragosi cha kicheko chini ya picha yake, yote yamo. Kwetu pwani tunayo na njia nyingine: kujifunga kanga yenye maneno yaliyokusudiwa jirani ayasome, au kuinuka kutunza kwenye taarabu wakati wa ubeti uliokusudiwa mtu fulani ukumbini. Kanga ni pambo letu na ushairi wetu ni fahari yetu, lakini kijembe ni kijembe hata kikifumwa.

Aina inayoniumiza zaidi ni ile inayovaa kilemba cha dini. "Maskini fulani, Mwenyezi Mungu amwongoe, siku hizi haonekani alfajiri." "Alhamdulillahi sisi hatukujaaliwa mitihani kama yake." Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliieleza aina hii katika Ihya Ulumid-Din, kwamba msemaji anakusanya makosa mawili: anamsengenya mwenzake na anajisifu kwa ucha Mungu. Anayemtakia mwenzake uongofu kwa dhati humwombea kwenye sijda, peke yake.

Kabla hujasema

Jiulize maswali haya, kwa mpangilio huu. Ukikwama kwenye moja, nyamaza.

1. Angekuwa amekaa hapa, ningelisema hivi hivi? Kama ungeshusha sauti au ungebadilisha maneno, umeshapata jibu.
2. Nimeliona, au nimelisikia? Suratul Israa, aya ya 36, inatukataza kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Na Mtume amesema inamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alichokisikia.
3. Ninayemwambia anaweza kulitengeneza? Mume wa rafiki yako anacheza kamari. Ukimwambia kaka yake mkubwa anayeheshimiwa, huenda akamzuia. Ukilitaja saluni, hakuna aliyepo pale mwenye uwezo huo.
4. Kwa nini nalisema leo? Hili lijibu kwa ukweli. Mara nyingi kuna wivu, hasira ya jana, au hamu ya kuchangamsha kikao.

Tena, chunguza desturi yako. Wengi wetu tuna mtu wetu tunayesengenya naye na saa yetu ya kusengenya: dada fulani kwenye simu baada ya isha, wenzetu wa ofisini wakati wa chakula, au alasiri ya Ramadhani tukisubiri magharibi, saa ambayo ulimi ungestahili kupumzika kuliko zote. Imamu Bukhari amepokea hadithi kwamba asiyeacha kauli ya uongo na kuitenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Ukishaijua saa yako, andaa la kuzungumza kabla hujaketi. Mkae mkisoma, mkipanga biashara, mkisimulia safari. Kikao kisicho na mada hutafuta mtu wa kumla.

Unapoletewa maneno

Hapa ndipo penye nguvu ya kweli, kwa sababu msemaji hawezi kufanya kitu peke yake. Anahitaji "ehe!" yako, kicheko chako, "usiniambie!" yako.

Mfano mkubwa tulio nao ni kisa cha Ifki, yaani uzushi aliozuliwa Bibi Aisha. Baada ya vita vya Banu Mustalik, mwaka wa 5 au wa 6 Hijria, Bibi Aisha aliachwa nyuma na msafara alipokuwa akitafuta kidani chake kilichopotea. Safwan bin Muattal alimkuta, akampandisha ngamia wake bila ya neno, akamuongoza hadi kwenye msafara. Wanafiki wakawazulia wawili hao jambo chafu. Kwa karibu mwezi mzima Madina ilikuwa ikiyazungumza hayo, na mwenyewe ni mgonjwa kitandani, hajui. Alikuja kujua kwa Ummu Mistah, walipotoka pamoja usiku: mama huyo alijikwaa nguo yake, akamlaani mwanawe Mistah, na Aisha alipomuuliza sababu ndipo akamweleza yanayosemwa.

Watazame waliofanya vyema katika mwezi huo. Abu Ayyub al-Ansari alipoulizwa na mkewe kama ameyasikia, alimuuliza yeye mkewe kama angeweza kufanya jambo kama lile. Mkewe akasema hapana, wallahi. Akamwambia, basi Aisha ni bora kuliko wewe. Mazungumzo yakaishia pale, ndani ya nyumba yao. Na Zainab bint Jahsh, mke mwenza, ambaye alikuwa akishindana na Aisha kwa cheo mbele ya Mtume, alipoulizwa alisema anayalinda masikio yake na macho yake, hajui kwa Aisha ila kheri. Dada yake mwenyewe, Hamna, alikuwa miongoni mwa waliosambaza. Zainab alikuwa na kila sababu ya kunyamaza tu na kuacha mwenzake aumie. Hakufanya hivyo, na Aisha mwenyewe ndiye aliyetusimulia wema huo. Wahyi uliposhuka kumtakasa, aya ya 12 ya Suratun Nur ikauliza kwa nini waumini, wake kwa waume, waliposikia hawakudhaniana wema.

Kwa anayeletewa fitina, Imamu Ghazali ameweka mambo sita. Nayaeleza kwa namna ya kuyatumia leo:

1. Usisadiki. Suratul Hujurat, aya ya 6, inaamrisha kuchunguza habari ya mtu fasiki, na mfitini ameshajitia katika kundi hilo kwa kazi yake.
2. Mkataze kwa upole.
3. Lichukie tendo lake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Usimfanye rafiki wa siri kwa kuwa "ana habari".
4. Usimdhanie vibaya aliyesemwa. Ukimkuta kesho, salamu iwe ile ile.
5. Usianze kupeleleza ili kujua kama ni kweli.
6. Usiyasimulie uliyoletewa, hata kwa kulalamika kwamba "fulani kaniletea umbea kuhusu fulani". Ukifanya hivyo umeshakuwa mfitini wa pili.

Khalifa Umar bin Abdulaziz aliletewa maneno kuhusu mtu. Akampa mletaji chaguo: ukitaka tutalichunguza, ukiwa mwongo wewe ni wa aya ya fasiki, na ukiwa mkweli wewe ni wa aya ya mwenye kusengenya na kupita akitia fitina, na ukitaka tutakusamehe. Yule mtu aliomba msamaha na kuahidi hatarudia.

Si kila mmoja anaweza kumjibu mwenzake kama khalifa. Haya ni maneno ya kutumia, chagua kulingana na aliye mbele yako:

- Kwa rika lako: "Mwenzangu, huyo hayupo. Tumuache."
- Kwa mama mkwe, shangazi au mtu mzima yeyote: usimkate kauli. Subiri avute pumzi, kisha: "Mama, naogopa dhambi zangu, hizo za kwangu tu zanitosha. Hebu nieleze, ile safari yenu ya Tanga iliishia wapi?" Umejishusha wewe, hukumshusha yeye.
- Kwa bosi: "Hilo sina ujuzi nalo, mkuu," halafu rudi kwenye kazi.
- Kwa aliyekuja na "fulani anakusema": "Ahsante kwa kunijali. Twende sote kwake sasa hivi tukayamalize." Kauli hii huua fitina nyingi kuliko mawaidha.
- Ikishindikana: taja jema unalolijua la aliyesemwa, kisha simama uondoke. Tirmidhi amepokea kutoka kwa Abu Dardaa kuwa mwenye kuilinda heshima ya ndugu yake, Mwenyezi Mungu atauepusha uso wake na Moto Siku ya Kiyama.

> SANDUKU LA 2: TAHADHARI KWA WANAOPENDA "KUMTAHADHARISHA" MTU
>
> "Nakwambia kwa sababu nakupenda: fulani hakutaki kabisa." Hii ndiyo fitina yenyewe. Umemwachia rafiki yako kidonda, naye hana la kufanya.
>
> Ila kama kuna hatari ya kweli, mwambie upesi. Katika Suratul Qasas, aya ya 20, mtu alikuja mbio kutoka mwisho wa mji kumwambia Nabii Musa kuwa wakubwa wanashauriana kumuua, aondoke. Kipimo ni hiki: je, nikinyamaza atadhurika mwili, mali au familia yake? Ikiwa ndiyo, sema, na useme kile tu kitakachomwokoa.
>
> Na ukitaka kubeba maneno, beba yale mazuri. Katika hadithi ya Ummu Kulthum bint Ukba, mwenye kupatanisha watu akafikisha kheri au akasema kheri hahesabiwi kuwa mwongo.

Simu mkononi

Yote yaliyotangulia yanaingia humu, ila kuna tofauti moja kubwa: neno la barazani hupungua nguvu watu wakitawanyika, ujumbe wa simu hubaki kama ulivyo na husafiri bila wewe. Kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma:

- [ ] Aliyeandika au aliyerekodi sauti hii ya kwanza namjua kwa jina, na ni mwaminifu?
- [ ] Kuna mtu ataaibika kwa picha au video hii? Basi isitoke kwangu.
- [ ] Hii ni skrinshoti ya mazungumzo ya faragha? Mtume amesema mtu akikuhadithia jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, hiyo ni amana. Aliyekuandikia wewe peke yako amefanya zaidi ya kugeuka.
- [ ] Nina sababu gani ya kuweka "mambo haya, mimi sisemi kitu" chini yake?

Kama wewe ndiye msimamizi wa kundi la familia, la waumini wa msikiti au la wazazi wa madrasa, weka sharti siku ya kwanza: habari za mtu asiyekuwepo kundini haziletwi. Anayevunja sharti mwandikie pembeni, usimkemee mbele ya wote.

Pale unaporuhusiwa kusema, na pale unapolazimika

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amekusanya katika Riyadhus Salihin sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu asiyekuwepo:

1. Aliyedhulumiwa kumshtaki aliyemdhulumu kwa kadhi au mwenye mamlaka.
2. Kuomba msaada wa kuzuia uovu kwa mwenye uwezo wa kuuzuia.
3. Kuuliza fatwa. Hind bint Utba alimlalamikia Mtume kuwa mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi yeye na watoto cha kuwatosha. Mtume hakumwambia anasengenya. Alimruhusu achukue cha kumtosha yeye na mwanawe kwa wema.
4. Kuwatahadharisha watu na shari: mchumba, mshirika wa biashara, mwalimu, shahidi.
5. Mtu anayefanya uovu wake hadharani. Atajwe kwa hilo analolifanya wazi, si kwa mengine.
6. Kumtambulisha mtu kwa sifa anayojulikana nayo, kama vile kilema chake, pasipo njia nyingine na bila kumdharau.

Sababu ya nne inatugusa sana wakati wa posa. Familia imekuja kukuuliza kuhusu kijana wa mtaani kwenu, na wewe unajua jambo. Wengi hujibu "ah, kijana mzuri tu" kwa kuogopa dhambi, kisha binti wa watu anaumia. Fatima bint Qais alipoposwa na wawili, Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kumuomba Mtume ushauri. Mtume akamwambia kuwa Muawiya ni fukara asiye na mali, na Abu Jahm haiweki chini fimbo yake, akamshauri aolewe na Usama bin Zaid. Sentensi fupi mbili zilitosha. Fuata utaratibu huo:

1. Hakikisha anayeuliza ana haki ya kuuliza: binti mwenyewe, walii wake, aliyetumwa na familia.
2. Ikitosha kusema "sishauri", ishie hapo.
3. Isipotosha, sema kinachohusu ndoa na ulichokijua mwenyewe. Kama alimpiga mke wa kwanza, linahusu. Kama mama yake alizaliwa nje ya ndoa, halihusu.
4. Sema mara moja, kwa mtu mmoja, kisha ufunge mlango.

Sasa kwa anayepigwa nyumbani, anayenyimwa matumizi, anayeshikwashikwa na bosi, au aliyedhulumiwa mirathi: Suratun Nisaa, aya ya 148, inasema Mwenyezi Mungu hapendi kutajwa ubaya hadharani ila kwa aliyedhulumiwa. Ila hiyo ni yako. Nenda kwa wazee wenye busara, kwa kadhi, kwa sheha au mwenyekiti wa mtaa, polisi kwenye dawati la jinsia, hospitali kama kuna jeraha. Andika tarehe na yaliyotokea, taja jina, eleza kila kinachohitajika kupata haki yako. Yeyote atakayekwambia "mwanamke mwema hufichia mumewe aibu" anachanganya mambo mawili: kufichiana aibu kumewekwa kwa ajili ya aliyeteleza, si kwa anayeendelea kuumiza.

Na mtoto akikwambia kuwa mwalimu, mjomba au jirani anamgusa, huna ruhusa ya kunyamaza. Mwamini, usimhoji mbele za watu, mpeleke kwa vyombo vinavyohusika siku hiyo hiyo. Usilipeleke barazani kwanza. Baraza litamjadili mtoto, na mkosaji atapata muda wa kujiandaa.

Ukiwa umeshasema

1. Acha, jutia, azimia kutorudia.
2. Kama maneno yamemfikia mwenyewe, nenda kamuombe msamaha. Sema: "Nilikuvunjia heshima kwa maneno yangu, nimekosa, naomba uniwie radhi." Usiyarudie maneno yenyewe na usieleze nani alikuchochea.
3. Kama hayajamfikia, wanazuoni wametofautiana. Wapo wanaosema ni lazima umtake radhi kwa kuwa ni haki yake. Wengine, akiwemo Hasan al-Basri na baadaye Ibn Taymiyya, wanaona umuombee maghufira, kwani kumweleza kutamjeruhi upya na huenda kukavunja undugu. Kwa maoni yangu, jiulize kama kumwambia kutamtibu yeye au kutakupunguzia wewe mzigo. Na kama bado una shaka, muulize sheikh unayemuamini bila kutaja majina.
4. Mtaje kwa wema wake kwenye kikao kile kile ulimomsengenya.
5. Kama ulizua, maghufira peke yake hayatoshi. Warudie uliowaambia, mmoja mmoja, ukanushe kwa kauli iliyo wazi: "Nililosema juu ya fulani halikuwa kweli."
6. Kama ni kwenye kundi la simu, futa, kisha andika ukanusho hapo hapo. Kufuta kimya kimya hakuwafikii waliokwisha kusoma na kusambaza.

Kuna makosa mawili ya kawaida katika hili. La kwanza ni kudhani kuwa dua ya kufunga kikao, ile ya kumtakasa Mwenyezi Mungu na kuomba maghufira, inafuta haki za watu. Ni sunna nzuri, iseme, lakini haki ya mja ina njia yake. La pili ni ule ujumbe mmoja wa jumla tunaowatumia watu wote kabla ya Ramadhani au kabla ya kwenda Hija: "Nisameheni niliowakosea." Uliyemkosea kweli unamjua. Mpigie simu.

Ukiwa wewe ndiye uliyesemwa

Usimtafute aliyekuletea habari ili akupe majina zaidi. Likikugusa haki au kazi yako, fuata njia ya mashtaka niliyoieleza. La sivyo, mfuate msemaji faraghani umuulize kabla hujamhukumu, kwani huenda hakusema, au alisema jingine likageuzwa njiani.

Hapo ndipo panapokuja mtihani mkubwa: aliyekusema huenda ni mtu unayemsaidia. Mistah, aliyesambaza maneno juu ya Bibi Aisha, alikuwa jamaa fukara aliyekuwa akilishwa na baba yake Aisha, Abubakar (r.a.). Abubakar aliapa hatamsaidia tena. Ikashuka aya ya 22 ya Suratun Nur, kuwataka wenye wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa na maskini, na kuwauliza kama hawapendi wao wenyewe wasamehewe na Mwenyezi Mungu. Abubakar akasema anapenda, akamrudishia Mistah matumizi yake. Kwa hiyo kama ulikuwa unamlipia mpwa wako ada ya shule na mama yake amekusema vibaya, ada iendelee kulipwa. Kama kwa hasira uliapa kuikata, vunja kiapo na utoe kafara iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 89: lisha maskini 10 au uwavishe, na ukiwa huna uwezo huo, funga siku 3.